Ngoma Yake Ndani, Sahani Yake Uani



Leo sikuleteeni singo wala mitindo ya hina. Nina jambo limenikaa kifuani tangu harusi moja ya mfunguo mosi. Juzi nimemsikia dada mmoja akilihadithia kama kichekesho, watu wakacheka, nami nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimeshiriki dhulma mara mbili.

Wengi wenu mnajua mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa huku Maji ya Chai, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, ukishaipita Usa River. Ukiuliza jina la mahali hapa utaoneshwa mto. Maji yanateremka kutoka upande wa Mlima Meru yakiwa na rangi ya sturungi, kama chai iliyochemshwa bila maziwa. Mgeni akiyaona siku ya kwanza hudhani yamechafuka. Tena maji ya huku yana floridi nyingi, hutia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na watu wa hapa wakienda mjini hudhaniwa hawajui mswaki. Nilipokuja nilidhani hivyo hivyo. Nimekaa miaka, nimelea watoto kwa maji haya, ndipo nikajua kwamba rangi ya kitu haikwambii kitu chenyewe ni nini. Ningekuwa nimelishika vizuri somo hilo, nisingefanya nililolifanya usiku ule.

Waislamu wa huku si wengi kama kwetu visiwani. Harusi yetu inakuwa ya mtaa mzima: Mmeru anakuja, Mchaga anakuja, jirani Mlutheri anapika ndizi. Mara nyingi usiku wa wanawake unakuwa kicheni pati ya kawaida, spika kubwa, mshereheshaji, zawadi za masufuria. Lakini bibi harusi wetu alikuwa na bibi yake mzaa mama, mtu wa asili ya Pangani, na bibi huyo akasema mjukuu wake hatoki ndani bila ngoma. Ikatafutwa ngoma. Akapatikana mama mmoja wa Tanga anayezunguka kwenye harusi.

Alishuka kwenye basi saa kumi jioni, ngoma mbili zimefungwa kwenye shuka, na wasichana wawili nyuma yake wamebeba mabegi. Mtu mzima, rika la mama zetu. Nywele kazikata, kichwani kavaa kofia ya viua kama za babu zetu, shati la mikono mirefu, suruali ya kitambaa, na kanga moja tu kaifunga kiunoni juu ya suruali. Sauti nzito. Mmoja wetu akanong'ona, lakini si kwa kunong'ona hasa, “Jamani, huyu ni mwanamke au mwanamume?” Yule mama akasikia. Akacheka, akasema, “Mwanamke, mwanangu. Nimechoka na safari tu.”

Usiku milango ikafungwa, simu zikakusanywa kwenye kikapu, wakabaki wanawake watupu. Akavua kofia. Akaifunga ngoma kiunoni, akaipanda kama inavyopandwa msondo, na wale wasichana wakamwitikia. Dada zangu, nimehudhuria harusi nyingi za Mjini na za shamba, Unguja na Pemba, na sikumbuki kuona ukumbi ukigeuka namna ile. Wamama wa Kimeru ambao hawajui hata neno moja la unyago walikuwa wamesimama wanacheza. Bibi harusi, ambaye kwa siku tatu alikuwa hasemi wala hali, alicheka mpaka akajifunika uso.

Kisha akainyamazisha ngoma, akakaa mbele ya yule binti, akaanza kumfunda. Mengi aliyoyasema ni ya ndani na hayaandikwi. Lakini moja aliliuliza kwa sauti, kila mtu alisikia: “Siku ukipigwa, utamwambia nani?”

Ukumbi ukawa kimya. Binti hakuwa na jibu. Yule mama hakumwachia. Akamwambia, “Taja jina. Si kesho, sasa hivi.” Bibi harusi akataja jina la shangazi yake. Shangazi akaitwa asimame katikati, aseme mbele ya wote kwamba amesikia na kwamba mlango wake uko wazi. Akasimama, akasema, huku machozi yanamtoka. Ndipo ngoma ikaendelea.

Katika semina zote za ndoa nilizohudhuria, na mawaidha yote ya harusi niliyoyasikia, sijaona mtu akimpa bibi harusi kitu kama kile: shahidi, mlango, na jina la mtu, kabla hajaondoka kwao.

Saa sita za usiku pilau ikapakuliwa. Masinia yakaenda kwa wageni ukumbini, watu wanne wanne. Yule mama na wasichana wake wakapelekewa sahani zao uani, karibu na mafiga, kwenye moshi. Aliyekuwa anagawa chakula alisema wazi, “Yule simkalishi na watu, wageni watatuonaje?” Na ujira wake, tuliokubaliana laki mbili, ukatolewa nusu. Nyingine atatumiwa kwa simu, mambo yakitulia. Alipokwenda kulala, ndimi zikafunguliwa: jikedume, muhuni, hana mume, hana haya, sijui anaishije na wale wasichana.

Bahasha ile nilikuwa nayo mimi. Niliambiwa nimpe nusu, nikampa nusu. Na maneno yale yaliposemwa, mimi nilicheka.

Sasa nataka tuzungumze, kwa sababu jambo hili si la Maji ya Chai tu. Ni letu sote, na sisi wa visiwani tuna deni lake kubwa zaidi.

Chukueni Bi Kidude. Jina lake la kuzaliwa Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, binti wa muuza nazi. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa. Kama inavyosimuliwa, akiwa bado binti mdogo aliozwa mume asiyemtaka, akakimbilia bara. Akazunguka na watu wa taarab kwenye miji ya mwambao na ndani ya Tanganyika mpaka pande za maziwa, wakati ambao mwanamke kusafiri peke yake ilikuwa ni kujipa jina baya. Akaolewa tena, ndoa hiyo nayo ikamshinda. Katika miaka ya 1940 akarudi Unguja, akakaa peke yake. Hakujaaliwa mtoto. Akauza wanja na hina, akaimba, akapiga msondo. Sauti yake nzito, mwendo wake wa kutomwogopa mtu, sigara yake mkononi hadharani: hakufanana na mwanamke tuliyefundishwa kuwa.

Na mwanamke huyo ndiye aliyewafunda mabinti wa mji kwa miaka na miaka. Fikirini kidogo. Aliyekimbia ndoa mbili ndiye aliyekabidhiwa mabibi harusi. Asiyezaa ndiye aliyewafundisha watakaozaa. Mama zetu walimwita nyumbani, wakafunga mlango, wakamkabidhi binti yao wa pekee. Asubuhi yake wakikutana naye dukani, baadhi yao waligeuza uso.

Mimi zamani nililiona hilo kama kioja cha maisha. Sasa naona lina maana yake. Anayejua mlango wa kutokea ulipo ni yule aliyewahi kutoka. Mke aliyebahatika atakwambia namna ya kumpikia mumeo na namna ya kumkosha moyo, na hayo ni mazuri, tunayahitaji. Lakini nani atakuuliza utamwambia nani siku ukipigwa? Aliyetulia nyumbani kwake miaka 40 swali hilo halimjii. Humjia yule aliyewahi kubeba kibweta chake usiku.

Mwaka 2005 wenzetu wa ng'ambo wakampa Bi Kidude tuzo ya WOMEX kwa kazi ya maisha yake. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, maziko yake yakahudhuriwa na viongozi wakubwa wa nchi. Watu waliomwita muhuni wakaanza kusimulia walivyokuwa majirani zake. Hiyo ndiyo tabia yetu: mwanamke wa ngoma tunamheshimu akishakuwa picha ukutani. Akiwa hai, anakula uani.

Wala hakuwa wa kwanza. Siti binti Saad alitoka Fumba, alikuwa akitembeza vyungu, na jina alilopewa kwao lilikuwa Mtumwa. Alipoanza kuimba mjini alisimangwa kwa asili yake, kwa sura yake, na kwa kuacha njia ya wanawake wenziwe. Lakini mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay, sauti yake ikaingia kwenye sahani za santuri, na Kiswahili kikasikika kila penye gramafoni. Leo skuli zetu zinamfundisha, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Na kwa wanaodhani mambo haya ni ya watu wasio na dini, nawakumbusha Umm Kulthum wa Misri. Mama zetu na baba zetu walimsikiliza redioni wakiacha kila kitu, na taarab yetu imechota sana kwenye kisima cha Misri. Je, mnajua alianzaje? Baba yake alikuwa imamu wa msikiti kijijini. Alikuwa akizunguka na jamaa zake vijiji kwa vijiji kuimba kasida kwenye harusi na sherehe, na alipoona sauti ya binti yake inazidi ya wote, akamchukua naye. Ili watu wasiseme, akamvisha nguo za mvulana. Ndiyo, imamu alimvisha binti yake nguo za kiume, wakapanda punda na treni, wakaenda kuimba sifa za Mtume. Aibu iliyomwandama mwanamke anayesafiri na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba baba mcha Mungu aliona afadhali watu wamwone mwanawe kama mvulana.

Huku bara nako maonyesho ya kuzunguka yalikuwa na watu wake. Mama mkwe wangu hupenda kuhadithia miaka ile vikundi vya Dar es Salaam vilipokuwa vikija mikoani. Wakati huo Muungano na TOT walikuwa wakishindana, na kina Khadija Kopa wa kwetu Zanzibar wamevuka bahari kwenda kuimba huko. Kiingilio kimoja ulipata yote: ngoma za makabila, sarakasi, igizo, kichekesho, na mwisho taarab mpaka usiku wa manane. Katika kichekesho, anasema, lazima mwanamume mmoja atatokea amevaa kanga na kilemba, amejaza nguo kifuani, anatembea kwa madaha, na ukumbi mzima unavunjika mbavu. Akimaliza, anavua kanga, anaitwa msanii, anakaribishwa chakula na wanaume wenzake.

Nikamuuliza, na wale wanawake waliokuwa wakipiga ngoma na kupanda mabegani kwenye sarakasi? Akafikiri, akasema, “Hao tulikuwa tukiwaambia watoto wetu wasije wakawa kama wao.”

Mizani hiyo ina kasoro. Mwanamume akivaa kanga jukwaani ni mchekeshaji. Mwanamke akivaa suruali apate kupanda basi na ngoma zake bila kusumbuliwa na makonda, ni muhuni. Vazi la kiume la yule mama wa Tanga tulilishupalia mpaka asubuhi, lakini hakuna aliyejiuliza mwanamke anayelala stendi mara tatu kwa mwezi angevaa nini.

Najua wapo watakaoniandikia. Watasema, dada, iko hadithi sahihi inayowalaani wanawake wanaojifananisha na wanaume. Naijua, na siipindi. Mimi si mwanachuoni, hukumu ya suruali na kofia ya mtu fulani nawaachia wenye elimu, wanaojua masharti na nia. Mwenye kutaka kumnasihi anaweza kumnasihi, faragha, kwa upole, kama nasaha zinavyotakiwa ziwe. Lakini nionesheni hadithi inayoniruhusu kumlipa nusu. Nionesheni aya inayosema aliyevaa suruali asengenywe.

Hazipo. Zilizopo ni za upande mwingine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu amesema atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mgomvi wako ni Allah. Nilipoikumbuka hadithi hiyo usiku ule nikiwa kitandani, bahasha ikiwa chini ya mto, usingizi ulinipaa. Na Suratul Hujurat tunaisoma kila siku: inatukataza kudharauliana, inawataja wanawake kwa jina lao wasiwadharau wanawake wenzao, huenda wakawa bora kuliko wao. Inatukataza kuitana majina ya kejeli. Inafananisha usengenyaji na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. “Jikedume” ni jina gani kama si la kejeli?

Wengine watasema ngoma yenyewe ni haramu, kwa hiyo mpigaji hana heshima. Kama unaona ni haramu, usimwite. Msimamo huo nauheshimu, na harusi ya dua na mawaidha ni harusi njema. Nisiouelewa ni msimamo wa kumwita, kucheza mpaka jasho, kisha kukumbuka uharamu wakati wa kulipa na wakati wa kupakua pilau.

Na kwa wanaotaka mfano wa Mtume mwenyewe, upo katika Bukhari. Rubayyi' binti Mu'awwidh alipoolewa, Mtume alimjia asubuhi yake, na vijakazi wadogo walikuwa wakipiga dufu na kuwaimbia wazee wao waliouawa Badr. Mmoja wao akaimba kwamba miongoni mwao yuko Nabii anayejua ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aseme aliyokuwa akiyasema. Zingatieni hapo. Neno lilikuwa na kosa, tena kosa la itikadi, ambalo ni kubwa kuliko suruali. Akalirekebisha neno. Hakumfukuza mpiga dufu, hakumtukana, hakumtoa uani. Akamwambia aendelee.

Tukishindwa kufika hapo, tusijifiche nyuma ya dini. Tuseme tu kwamba tunaona haya ya watu.

Bi Kidude nilimtaja na sigara yake, na wengine mtaongeza na mengine. Ni kweli, na sitawaambia mabinti wamwige katika hayo. Lakini yeye keshafika kwa Mola wake, na sisi tumekatazwa kuwatukana waliokufa, kwani wameshafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Haki yake kwetu sasa ni dua. Wangapi kati yetu waliofundwa na ngoma yake wamewahi kumsomea hata Fatiha moja? Mimi sikuwahi, mpaka mwaka huu.

Kuna jingine linalonitia hofu. Tunalalamika kwamba unyago unakufa, mabinti wanajifunza ndoa kwenye simu, wanaingia nyumbani kwa mume na mambo waliyoyaona kwa watu wasiowajua. Tunalaumu utandawazi. Usiku ule uani nilikwenda kuwapelekea maji wale wasichana wawili wa ngoma. Nikamuuliza mkubwa wao kama naye atakuja kuwa somo. Akaitazama sahani iliyokuwa magotini kwake, akasema mwezi ujao anaanza kujifunza cherehani. Simlaumu. Nani atarithi kazi ambayo mwisho wake ni kula kwenye moshi? Hakuna simu iliyomfukuza yule binti. Tuliomfukuza ni sisi.

Basi nyinyi mabibi harusi, na mama zenu, na makungwi mnaopanga shughuli, nakuombeni.

Mkitaka ngoma, kubalianeni ujira mapema, na bahasha iwe imejaa kabla ngoma haijapigwa. Asiondoke na ahadi ya kutumiwa. Waliotuza wakati wa ngoma wametoa sadaka yao, wala isihesabiwe ndani ya ujira. Nauli ya kurudi na mahali pa kulala visiwe hisani, viwe katika makubaliano. Na wakati wa chakula, mwenye ngoma akae sinia moja na wakubwa wa shughuli. Kama kuna mgeni anayeona vibaya kula na mtu aliyemfunda bibi harusi, huyo mgeni ndiye atafutiwe pengine pa kukaa.

Kisha akishaondoka, funga mdomo. Hujui anakokwenda wala alikotoka. Kama ana kosa, ana Mola wake. Kama ana siri, na wewe unazo zako.

Na wewe bibi harusi mwenyewe, usichague wa kukufunda kwa kutazama gauni. Wapo wa kukufundisha kujipamba, na hao utawapata kila mtaa. Mtafute na yule aliyepitia mabaya akabaki na akili zake. Muulize kilichomtokea, akupe jibu la kweli. Mwanamke wa namna hiyo huenda hafanani na wanawake wa kwenye kadi ya mwaliko.

Namalizia na asubuhi ile. Baada ya swala ya alfajiri nilitia laki moja yangu kwenye bahasha. Nitadaiana na wenye shughuli baadaye, na mpaka leo tunadaiana. Nikajitanda mtandio, nikatoka. Huku kwetu mwezi ule asubuhi ni baridi, ukungu umeshuka mpaka barabarani, Meru haionekani. Nikawakuta kituoni wamekaa juu ya mabegi wanasubiri basi, ngoma zimefunikwa shuka zisiloe. Nikamwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?”

Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Nikamwomba radhi kwa nusu ile, na kwa chakula, na kwa kucheka, ingawa sijui kama alinisikia nikicheka. Alihesabu pesa taratibu, mbele yangu, kama mtu anayeijua dunia, akazitia kwenye mfuko wa shati. Hakuniambia haidhuru. Hakuniambia amenisamehe. Na mimi sikuwa na haki ya kudai aniambie.

Basi likaonekana linakuja. Akainua ngoma moja begani, kisha akageuka.

“Yule shangazi mtu,” akasema, “mwambie asisahau kwamba alisimama.”

Nimemwambia. Na nyinyi nimekwambieni. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wanawake wanaolipa deni, na azibariki ndoa za mabinti zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.